Wauzaji wa kompyuta mpakato za magari ya fildi, acheni kusingizia mitandao ya simu kwa ufungaji wenu mbovu

Wakuu, salaam.

Ofisi yetu inapima njia za umeme vijijini, na magari yetu ni Land Cruiser za hardtop ambazo hushinda porini wiki nzima. Tulinunua kompyuta mpakato zile ngumu, pamoja na doki za kuzishikilia ndani ya gari na antena za nje, kwa bei ambayo mtu angenunulia pikipiki kadhaa kwa kila gari. Tuliahidiwa kwamba ramani na fomu zitafika Dodoma moja kwa moja kutoka kwenye eneo la kazi. Matokeo yake ni kwamba gari likishaiacha lami kompyuta hukosa mtandao, na GPS hupoteza setilaiti kila dereva anapozima injini, yaani pale pale mpimaji anapotaka kuandika nukta ya nguzo. Wakati huo huo simu ya dereva, iliyolazwa juu ya dashibodi na yenye laini ya kampuni hiyo hiyo ya simu, inapakua picha bila tatizo lolote.

Kila tulipolalamika tulijibiwa kwamba huko mtandao ni hafifu na kwamba tununue busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi ya simu, ambayo kwa bahati njema wao wenyewe wanaiuza. Tulipouliza kama busta hiyo imeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, mazungumzo yakaishia hapo. Fundi wao alikuja mara moja, akafungua video gari likiwa limeegeshwa uani kwetu, mahali ambapo mnara unaonekana kwa macho, akasema kila kitu kiko sawa, akaomba nauli.

Niliamua kufungua mwenyewe. Chini ya kiti cha abiria nilikuta waya wa antena umezungushwa kama kamba ya ng'ombe na kufungwa kwa utepe, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuukata kwa kipimo. Waya wenyewe ni RG-174, ule mwembamba, ambao katika masafa ya megahezi 1800 hupoteza zaidi ya desibeli 1 kwa kila mita, na maana yake ni kwamba mita 5 tu zinameza zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ya mawimbi kabla hayajaifikia kompyuta. Waya mnene wa aina ya LMR-240 upo sokoni na ungepunguza hasara hiyo kwa kiasi kikubwa. Nyuma ya doki kuna matundu mawili ya antena ya simu, kwa kuwa 4G hupokea kwa antena mbili kwa pamoja. Moja lilikuwa limeunganishwa, la pili lilikuwa bado na kifuniko chake cha plastiki kama lilivyotoka kiwandani.

Jambo lililonikera kuliko yote ni hili. Kompyuta za namna hii zikipachikwa kwenye doki yenye njia ya antena, huziacha antena zake za ndani na kuhamia zile za nje. Kwa hiyo antena ya nje ikifungwa hovyo, kompyuta iliyo kwenye doki inapokea vibaya kuliko ikiwa mapajani mwa mpimaji. Wapimaji wetu walishaligundua hilo zamani: wakitaka kutuma fomu wanaichomoa kompyuta na kuishika mkononi, huku gari likirukaruka. Tumelipia doki ili tuikimbie doki!

Kuhusu GPS, mawimbi yake yanatoka kilomita 20,200 juu na yanafika yakiwa dhaifu mno, ndiyo maana antena yake ina kikuzaji ndani kinachohitaji umeme wa volti 3 hadi 5 kupitia waya ule ule. Wao wameweka kigawanyio ili antena moja ihudumie kompyuta na kifaa cha kufuatilia gari, na kigawanyio hicho kinapitisha umeme kutoka upande wa kifaa cha kufuatilia peke yake. Injini ikizimwa, kifaa kinalala, na antena inakufa nacho. Busta gani itaponya hilo?

Na antena ya simu, ambayo ni ya sumaku na imeundwa kulitegemea bati la paa lililo chini yake, wameifunga kwenye keria, katikati ya tairi la spea na madumu ya dizeli.

Tafadhali msiniletee hoja ya vyeti. MIL-STD-810H inahusu kuanguka, mtikisiko, joto na mengineyo ya mazingira, na IP65 inahusu vumbi na maji. Hakuna hata kimoja kinachopima kompyuta inavyopokea mawimbi.

Tumewaandikia kwamba awamu ya mwisho ya malipo haitatoka mpaka wabadilishe waya na kigawanyio, wahamishie antena kwenye bati, na watupe vipimo vya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya 4G yanayopokelewa, kompyuta ikiwa kwenye doki na ikiwa nje ya doki, vilivyochukuliwa kijijini mbele ya dereva wetu. Wenye hardtop za keria, naomba mnieleze mmeweka wapi antena zenu bila kutoboa paa likavuja, na kama kuna fundi anayepima nje ya mji kabla ya kudai hela, nitumieni mawasiliano yake faraghani.