MJADALA: Indiana wametwaa ubingwa. Je, sasa ni vigogo wa futiboli ya vyuo, au bado tuwape muda?

Mleta mada (Columbus, Ohio)
Wakuu, salamu. Najua humu wengi roho zenu ziko kwenye kandanda, lakini sisi tuliotupwa na maisha huku Ohio, Jumamosi za vuli ni futiboli ya Kimarekani ya vyuo, hatuna pa kukimbilia. Mji mzima unavaa nyekundu, barabara hazipitiki, na hata harusi ya Mtanzania mwenzako inapangwa kwa kuangalia kwanza ratiba ya Ohio State, timu ya chuo cha hapa. Mwaka wa kwanza unashangaa. Wa pili unauliza sheria. Wa tatu unagombana na watu.

Sasa hoja. Januari 2026 Chuo Kikuu cha Indiana wamewafunga chuo cha Miami 27-21 na kuwa mabingwa wa taifa. Mechi 16, ushindi 16. Indiana hawahawa! Kwa asiyewajua: msimu wa 2023 walishinda 3 wakapigwa 9, na msimu wa 2025 ulipoanza hapakuwa na timu ya daraja la juu iliyowahi kupoteza mechi nyingi kuliko wao katika historia nzima ya mchezo. Kocha Curt Cignetti akachukua timu mwishoni mwa 2023, na misimu miwili baadaye kombe liko kabatini.

Kazini kwetu ubishi hauishi: Indiana sasa wakae meza moja na vigogo? Mimi nasema bado. Kipimo changu ni hiki: kigogo ni timu inayobadilisha kocha na bado inatwaa ubingwa. Ohio State wametwaa na Jim Tressel (2002), na Urban Meyer (2014), na Ryan Day (2024). Watu watatu wasiofanana hata kidogo. Alabama: Bear Bryant mataji 6, Gene Stallings moja la 1992, Nick Saban 6. Hapo unajua nguvu iko kwenye nyumba, si kwa mpangaji. Cignetti akifungasha virago kesho, Indiana wanabaki na nini?

Karibuni. Matusi pembeni.

Dereva wa Dallas
Mleta mada, wewe umeanza na timu yako, halafu ukatafuta kipimo cha kuivalisha. Hebu nikupe Miami. Howard Schnellenberger 1983, Jimmy Johnson 1987, Dennis Erickson 1989 na 1991, Larry Coker 2001. Makocha wanne, mataji matano, miaka 18. Hakuna aliyefaulu mtihani wako kuwashinda hao. Kikosi cha 2001 pekee kilikuwa na vijana 38 waliokuja kuchaguliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa, 17 kati yao raundi ya kwanza. Baada ya hapo? Walifika fainali Januari 2003, wakafungwa na hao hao Ohio State wako, na hawakuiona fainali nyingine mpaka hii ya Indiana. Zaidi ya miaka ishirini, na jina kubwa halikuwasaidia kitu.

Na LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, je? Saban 2003, Les Miles 2007, Ed Orgeron 2019. Makocha watatu waliofuatana, kila mmoja na kombe lake. Orgeron alimaliza 15-0 (ushindi 15, bila kufungwa) akiwa na nyota wake Joe Burrow, na 2021 wakaachana naye. Kwa kipimo chako LSU ni sawa na Ohio State. Kalisemee hilo baa ya Columbus tuone kama utatoka.

Mleta mada
LSU nawapa. Miami umenibana kidogo, nitarudi.

Mzee wa Lincoln
Vijana, hamjambo. Niko Nebraska tangu 1996. Nilifika Tom Osborne ana mataji mawili mfululizo, ya 1994 na 1995. Akaongeza la 1997, akastaafu. Uwanja wetu umejaa kila mechi ya nyumbani tangu 1962, na hadi leo unajaa. Hiyo mnayoita nyumba sisi tulikuwa nayo: fedha, mashabiki, historia, kila kitu.

Akaja Frank Solich. Mwaka 2003 alishinda 9 akafungwa 3, wakamfukuza. Eti 9 hazitoshi. Naomba mlisome tena hilo, kwa sababu kuanzia 2017 mpaka 2023 tulikuwa na misimu saba mfululizo ya kufungwa zaidi ya kushinda, na hiyo 9 tuliiota kama maji jangwani.

Lakini nisimtupie lawama aliyemfukuza tu. Nimekaa na wazee wa hapa, wanajua mpira wao, na wanachosema ni hiki. Jimbo hili lina watu wapatao milioni mbili, mahindi ni mengi kuliko vijana wa kucheza. Tulikuwa wakubwa kwa sababu tuliwahi mambo ambayo wenzetu hawakuyaona. Chuo hiki kiliajiri kocha wa mazoezi ya vyuma mwaka 1969, wakati makocha wengi wakiamini kunyanyua vyuma kunamfanya mchezaji awe mzito. Tulikuwa na vijana wa mashambani waliokuja kwa kujilipia, wakakaa miaka mitatu wakijengwa, mwaka wa nne wanakutisha. Na tulikuwa tukivuna vijana Texas, maana tulicheza huko. Baadaye kila chuo kikajenga jumba lake la vyuma. Nafasi za ufadhili wa wachezaji kwa kila timu zikabanwa, kutoka 105 mwaka 1973 hadi 95, mwishowe 85 kwenye miaka ya 1990, kwa hiyo hakukuwa tena na wa kurundika wachezaji. Na 2011 tukahamia Big Ten, ligi ya vyuo vya kaskazini, tukaipa kisogo Texas. Nebraska haikuuza nyumba yake. Ilikuwa inajua siri, na siri ikavuja.

Dada wa Tuscaloosa
Shikamoo mzee. Umesema kitu nilichokuwa nakitafutia maneno.

Mimi niko Alabama nasoma, kwa hiyo mtaniita shabiki. Ila hayo mataji tunayoyahesabu tuyaangalie vizuri kabla hatujayafanya kipimo. Chuo kinadai mataji 18. Moja ni la 1941, mwaka ambao timu ilifungwa mara mbili na wanahabari wa shirika la AP, wanaopanga timu bora za nchi, wakaiweka nafasi ya 20. Ya 20! Zamani hapakuwa na fainali, kila mwenye kalamu alitangaza bingwa wake, na chuo kikaokota kilichokipendeza.

La pili linaniuma zaidi. Mpaka 1970 Alabama hawakuwa wamemchezesha mchezaji mweusi hata mmoja. Septemba ile USC, chuo cha kutoka California, walikuja Birmingham na mchezaji wao mweusi Sam Cunningham, wakawachapa 42-21 mbele ya watu wao. Mwaka uliofuata John Mitchell akawa mweusi wa kwanza kuingia uwanjani na jezi ya Alabama. Miaka yote hiyo, Eddie Robinson alikuwa Grambling, chuo cha weusi cha Louisiana, akishinda. Alifundisha kuanzia 1941 mpaka 1997, ushindi 408, na zaidi ya vijana 200 wakapita mikononi mwake kwenda NFL. Nitajieni orodha moja ya vigogo yenye Grambling juu. Kwa hiyo mleta mada, unaposema nyumba, niambie kwanza nani aliruhusiwa kuingia.

Kuhusu Indiana. Huku kuna kanuni watu wameiamini miaka na miaka: hutwai ubingwa bila nusu ya vijana unaowasajili kutoka sekondari kuwa wa nyota nne au tano, yaani waliopimwa kuwa bora kabisa. Saban aliishi kwa kanuni hiyo. Indiana hawaikaribii hata kwa darubini, na kwenye mechi ya mchujo ya Rose Bowl wametupiga 38-3. Robo ya tatu tulizima runinga tukahamia kwenye wali. Msichoambiwa ni kwamba Cignetti alikuwa msaidizi wa Saban hapa hapa kuanzia 2007 hadi 2010, na kazi yake mojawapo ilikuwa hiyo ya kusaka vijana. Yeye alikuwa jikoni wakati chakula kinapikwa. Msiniambie ni muujiza.

Mkongomani wa Austin
Ninyi wote munaongea nyumba, nyumba. Nyumba gani? Siku hizi ni hoteli.

Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na mwaka huohuo wakamruhusu kuhama mara moja bila kukaa benchi mwaka mzima. Kuanzia 2025 vyuo vyenyewe vinalipa wachezaji, kikomo dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, michezo yote kwa jumla. Fernando Mendoza, kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa Indiana aliyebeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka mmoja kabla alikuwa anachezea chuo cha California. Cignetti alipofika alihamisha kundi zima la wachezaji wake kutoka James Madison, chuo alichokuwa anafundisha. Hao hawakulelewa Bloomington, mji wa chuo cha Indiana. Walishuka na mabegi.

Nami nina mfano wangu, mutanisamehe kwa kuvutia kwetu. Andrew Mukuba, wazazi wake Wakongomani, kazaliwa Zimbabwe, kakulia hapa Austin. Akaenda chuo cha Clemson, akarudi chuo cha Texas hapahapa kwa msimu wa 2024, leo yuko Eagles ya NFL. Mwambie kijana huyo achague nyumba yake ni ipi.

Dereva wa Dallas
Boss, lakini usiseme pesa ndiyo kila kitu, maana mimi napita College Station kila wiki na lori. Texas A&M: uwanja wa watu zaidi ya laki moja, matajiri wa mafuta wamejipanga. Walimpa Jimbo Fisher mkataba wa miaka kumi na dola milioni 75. Novemba 2023 wakamfukuza, na kumfukuza kwenyewe kukawagharimu zaidi ya milioni 75. Unajua mara ya mwisho walitwaa ubingwa lini? 1939. Hitler alikuwa ndiyo kwanza anaingia Poland.

Mkongomani wa Austin
😂😂 Hapo kama mutu wa Texas sina la kuongeza.

Mleta mada
Nimerudi. Nimeyasoma yote, na nakiri kipimo cha makocha kina matobo. Miami wamekipasua, na mzee amekipasua zaidi.

Naleta kingine. Tusiangalie mwaka mzuri wa timu, maana mwaka mzuri unaweza kumwangukia yeyote. Tuangalie mwaka mbaya. Chukua Florida State: 2023 walimaliza 13-0, mabingwa wa kanda yao, kwotabeki Jordan Travis akavunjika mguu na kamati inayochagua timu ikawaacha nje ya mchujo wa kuwania ubingwa. Watu wakalia dhuluma, na mimi nililia nao. Wakaenda mechi ya Orange Bowl nje ya mchujo huo, wachezaji kibao wakajiondoa, Georgia wakawapiga 63-3. Msimu uliofuata walishinda 2 wakafungwa 10. Kigogo haanguki kutoka 13 hadi 2 ndani ya miezi kumi na miwili.

Linganisha na huku. Tangu 1967 Ohio State wamefungwa zaidi ya walivyoshinda kwenye misimu miwili tu, 1988 na 2011. Hao Alabama wa dada yetu, tangu 2008 hawajashinda chini ya mechi 9, na Saban ameshaondoka. Sakafu, wakuu. Mnaangalia dari, mimi naangalia sakafu. Indiana wakipata mwaka wao mbaya, wakashinda 8 badala ya 3, nitavua kofia.

Dada wa Tuscaloosa
Sawa, lakini umeanza kuhesabu 2008 kwa makusudi. Mwaka 2000 Alabama walishinda 3 wakafungwa 8. Mwaka 2003 wakashinda 4 wakafungwa 9. Hiyo ni timu ya Bear Bryant, uwanja uleule, nyimbo zilezile. Kwa sakafu yako, Alabama ya 2003 haikuwa kigogo?

Mleta mada
Haikuwa. Nalisema bila kupepesa macho. Ilikuwa timu yenye picha nzuri ukutani.

Mzee wa Lincoln
Kama sisi leo.

Mleta mada
Sikutaka kusema mzee wangu.

Mzee wa Lincoln
Sema tu mwanangu, tumezoea. Ila nikuulize. Hiyo sakafu nani anaiweka? Sisi tulikuwa nayo. Solich ndiye alikuwa sakafu yetu, ushindi 9 mwaka ambao watu waliuita mbaya. Tukaibomoa wenyewe kwa nyundo tukitafuta dari. Kwa hiyo mimi ningeangalia waajiri kuliko kocha au mchezaji: wale wenye fedha na wale wa ofisini, wanafanya nini Jumatatu baada ya kufungwa. Indiana wakati huu kila mtu anacheka. Ngoja wafungwe mara nne, wakati kocha ana mkataba mnono na matajiri wameshazoea kombe.

Dereva wa Dallas
Mzee hapo umetua. Na sasa swali langu la mwisho kwa mleta mada, ajibu bila kuzungukazunguka. Tarehe 30 Novemba 2024, Michigan, wapinzani wenu wa jadi, wamekuja Columbus hawamo hata kwenye timu 25 bora za nchi, wamewafunga 13-10, mara ya nne mfululizo. Ryan Day hajui aangalie wapi. Wewe siku ile jioni ulitaka afukuzwe au hukutaka?

Mleta mada
Wakuu, ile ilikuwa hali tofauti.

Dereva wa Dallas
Ndiyo au hapana.

Mleta mada
Nilitaka. Nilimwandikia shemeji yangu ujumbe mrefu saa sita usiku kwamba aondoke kabla ya Krismasi. Januari 20 alipowafunga Notre Dame 34-23 na kutwaa kombe, shemeji akaniletea ujumbe ule ule, bila kuongeza neno.