Pembeni mwa barabara tuachiwe saa za foleni?

Mtoto wa Fuoni: Asalaam alaykum. Jana Darajani mpaka Fuoni saa nzima na robo. Pembeni pako tupu, gari inapita vizuri, lakini ukitia tairi tu trafiki kakudaka. Si parasimishwe basi, asubuhi na jioni iwe njia ya ziada? Uingereza wameanza 2006, karibu na Birmingham, barabara kuu ya M40 kama sikosei.

Shangazi Jang'ombe: Tupu? Mwanangu, hiyo tupu yako ndiyo wanayopita watoto wa skuli. Wangu wawili wamo.

Dereva 505: Mnaongea kama hakuna anaetanua. Sie tunatanua siku zote na faini tunalipa. Foleni wanaileta hivi vizee vya vespa, mwendo wa konokono katikati ya njia.

Babu Vespa: Vizee? Vespa hii nimeinunua mamako hajaolewa. Haijagonga mtu. Wewe hesabu vioo vya wenzio ulivyovunja.

Nipo Leicester: Ni M42. Na umesimulia nusu. Kule juu ya njia pana mabango ya taa ya kuifungua na kuifunga, kamera, na kila baada ya masafa pana pahala pa kujibanza gari mbovu. Na bado gari zilizozimika kwenye njia hizo zimegongwa kwa nyuma, watu wamekufa. 2023 serikali yao ikasitisha kujenga mpya.

Dereva 505: Haya, keshakuja wa Ulaya. Babu, sikukusema wewe.

Babu Vespa: Ulimsema nani? Zimebaki vespa ngapi mji huu?

Mtu wa Chake: Sie Pemba tunasoma tu. Foleni yetu mbuzi watatu.

Shangazi Jang'ombe: Nyie nyamazeni, mkishuka bandarini Malindi hamjui kuvuka njia.

Mtu wa Chake: Shangazi! Nimekukosea nini?

Mtoto wa Fuoni: Jamani, pembeni! Angalau Ramadhani tu, saa kumi na moja, watu wanawahi futari.

Shangazi Jang'ombe: Ramadhani ndo kabisa. Pembeni kote majimbi, ndizi na mashelisheli. Utapita juu yake? Na ukisikia gari ya wagonjwa inalia, itapita wapi kama umeshapajaza?

Mtoto wa Fuoni: Itapita… tutasogea.

Nipo Leicester: Mtasogea wapi?

Dereva 505: Leicester na wewe una vespa?

Nipo Leicester: Alikuwa nayo marehemu baba. Ya kijani.

Babu Vespa: Ya kijani, taa ya mbele imefungwa waya? Basi babako namjua. Mungu amrehemu. Kebo ya klachi alikuwa akitoa wapi? Yangu imekatika tangu Ijumaa, madukani sipati.

Dereva 505: Babu, nisamehe ule mdomo. Fundi wangu anazo. Kwerekwe, chini ya mwembe, pembeni mwa barabara. Mwambie umetumwa na mie.