Mbio za mitumbwi Mto Pangani: tufanyeje na kivuko na boti za faiba?

Mwenyeji_Bweni

Habari za leo wakuu. Tunaandaa mashindano ya mitumbwi ya makasia hapa Pangani. Mitumbwi 20, kila mmoja wapigaji wanne, umbali kilomita 3. Wazo lililopo ni kuanzia juu mtoni na kumalizia pale kivuko kinapotia nanga, maana ndipo watu walipo. Shida ni msongamano: kivuko cha Pangani na Bweni, faiba za wavuvi zinazorudi asubuhi, boti za watalii wa kisiwa cha Maziwe, na mashua za mizigo. Je, tuombe mto ufungwe? Boti za uokoaji ziwe ngapi? Na tukimbize kwa maji gani, ya kujaa au ya kupwa? Wadhamini wanataka ya kupwa kwa sababu mitumbwi itakwenda kasi na picha zitapendeza.

Sarahangi

Mkuu, anza na swali la mwisho, hayo mengine yatajijibu.

Maji ya kupwa yasahau. Mtumbwi ukipinduka, au wapigaji wakiishiwa nguvu baada ya kumaliza, mkondo unawachukua kwenye njia ya kivuko, na wakipita hapo wanaelekea mlangoni mwa mto. Mlangoni kuna fungu la mchanga, na maji yanayotoka yakikutana na mawimbi yanayoingia, hasa upepo wa kusi ukiwa umeamka, yanavunja vibaya. Boti ya uokoaji haina muda wa kutosha.

Fanya hivi: teremkeni kuelekea mjini wakati maji yanamalizia kujaa. Mitumbwi inapigana na mkondo dhaifu, na chochote kitakachokwama kitarudishwa juu, mbali na kivuko na mbali na bahari. Kasi itapungua kidogo. Wadhamini watavumilia.

Siku: chagua maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, si bamvua, yanayojaa na kupwa sana. Pwani yetu bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na mkondo wake ni mkali. Maji mafu hujaa karibu saa nne asubuhi, mkondo ni mdogo, na upepo bado haujapanda. Kwa hiyo tafuta Jumamosi inayoangukia siku ya 7 hadi 9, au ya 22 hadi 24, tangu mwezi kuandama, kisha hakikisha saa kwenye jedwali la maji la Tanga. Epuka masika, maana mto ukileta maji ya mvua, mkondo wa juu haugeuki hata bahari ikijaa.

Jedwali lenyewe linasema kimo tu, halisemi mkondo. Mtoni mkondo unaweza kuendelea kuingia hata baada ya kimo kufika mwisho. Siku 15 kabla ya mbio, maji yakiwa ya aina ileile, nenda na nazi: itupe katikati, pima inachukua sekunde ngapi kupita mita 50. Rudia kila robo saa, kwenye mstari wa mwisho na kwenye kona kubwa. Ikitumia chini ya sekunde 100, yaani mkondo umezidi nusu mita kwa sekunde, sogeza mbio mbele kuelekea saa ya maji kujaa.

KasiaRefu

Naunga mkono. Hata mbio za vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge huko Uingereza, mtoni Thames, Putney hadi Mortlake, karibu kilomita 6.8, hukimbizwa kwa maji yanayojaa, na huanza kama saa moja na nusu kabla hayajajaa kabisa. Wao wanafuata mkondo ili wapate kasi, ila wana mamlaka ya bandari inayosimamisha vyombo vingine. Na bado mambo hutokea: 1984 Cambridge waligonga jahazi la chuma lililofungwa mtoni kabla hata ya kuanza, mbio zikasogezwa hadi kesho yake. 2012 mtu aliogelea mbele ya mitumbwi, mbio zikasimama zaidi ya nusu saa. Kufunga mto hakukuondolei kazi ya kuangalia.

Sasa hesabu ya muda, maana kila afisa utakayemwomba atakuuliza. Chukua mtumbwi wa kasi mita 2.2 kwa sekunde, mkondo wa kupinga 0.3: unabaki 1.9, kilomita 3 ni dakika 26. Mtumbwi dhaifu wa mita 1.6 unabaki 1.3, nao ni dakika 38 na nusu. Ratiba jengea huyo wa mwisho.

Msiwaachie wote 20 kwa mpigo. Hapo ndipo makasia yanagongana na mitumbwi inajaa maji mita 100 za kwanza. Waachie mmoja mmoja kila sekunde 30, mshindi kwa saa ya mkononi. Wa kwanza saa 3:00 kamili, wa ishirini saa 3:09 na nusu, wa mwisho kabisa anamaliza saa 3:48, maji yakiwa karibu kutulia. Wenye kasi watangulie, ili kupitana kuwe kuchache. Na sheria iwe moja tu: anayepitwa ndiye anayepisha. Asiyepisha anaongezewa sekunde. Bila adhabu sheria hiyo haitafuatwa.

Jambo ambalo wengi hawalioni: ukipiga kasia dhidi ya mkondo, kila nahodha anabana ukingo, kwa sababu pembeni maji ni mapole. Mtakuta mitumbwi yote imesongamana kwenye mizizi ya mikoko na kamba za mashua zilizofungwa. Weka maboya mita 15 kutoka ukingoni, kwenye kila kona na kila penye chombo kilichofungwa. Dumu la lita 20 lililopakwa rangi ya machungwa linatosha, nanga yake mfuko wa mchanga wa kilo 20, kamba mara mbili ya kina cha maji yakiwa yamejaa. Kamba fupi ndiyo kosa la kawaida: maji yakipanda dumu linazama au linainua mfuko na kusafiri nao.

Mwenyeji_Bweni

Asanteni sana wakubwa. Kwa hiyo kivuko kisimame dakika zote 48? Hapo TEMESA, wakala wa serikali wenye kivuko, sidhani kama watakubali, kuna wagonjwa wanavuka.

Sarahangi

Kisisimame hata dakika moja. Mstari wa mwisho usogeze mita 300 juu ya njia ya kivuko. Watu watatembea. Makutano yakishaondoka, huna haja ya kuyasimamia, na gari la wagonjwa halikuhusu tena.

Hata hivyo mweke mtu wako mmoja ndani ya kivuko, pembeni ya nahodha, mwenye redio ya VHF. Simu usiitegemee, siku ya mkusanyiko mtandao unazidiwa. Chaneli 16 iachwe kwa wito na dharura. Ombeni chaneli ya kazi, kwa kawaida 72 inafaa kwa mawasiliano ya chombo kwa chombo. Zijaribuni redio mkiwa nyuma ya kona yenye mikoko, maana redio ya mkononi haipendi vizuizi. Ikikatika hapo, weka msikilizaji wa kati ukingoni.

Ishara ya kusimamisha iwe bendera nyekundu pamoja na honi ndefu inayorudiwa. Msitumie milio mifupi: mmoja ni nageukia kulia, miwili kushoto, mitatu mashine inarudi nyuma, mitano sielewi unachokusudia. Nahodha wa kivuko anaijua hiyo na atakusoma vibaya.

Faiba_40HP

Kuhusu boti za uokoaji: mitumbwi 20 iliyosambaa kilomita 3, mimi ningetaka nne. Moja juu inafuata mtumbwi wa mwisho na haimpiti kwa hali yoyote. Mbili zimesimama kwenye kona. Ya nne iko chini ya mstari wa mwisho, kati yenu na kivuko, na kazi yake kubwa ni kuzuia faiba zinazoingia. Kila boti iwe na dereva na mwokoaji, wasiwe mtu mmoja. Dereva avae kamba ya kuzimia mashine mkononi au gotini. Ndani: kamba inayoelea mita 20, kisu, ndoo, majaketi ya ziada, blanketi.

Kumchukua mtu: mfuate ukiwa unautazama mkondo, mashine iwe huru kabla hujamfikia, mwingize kwa ubavu karibu na omo, yaani mbele ya boti. Usimwingize tezini, yaani nyuma, propela iko pale. Watu kwanza, mtumbwi baadaye. Waambie wapigaji wasiuache, unaelea hata ukijaa maji. Juu kidogo mtoni kuna mamba, kwa hiyo mahali pa kuanzia waulizeni wavuvi wa pale, na mtu asikae majini akisubiri boti ya pili.

Mawimbi ya boti zenu wenyewe ndiyo yatakayopindua mitumbwi mingi kuliko kivuko. Faiba ikipanda juu ya maji kwa kasi inaacha wimbi, na mtumbwi wenye ukingo wa chini unalinywa. Tembeeni polepole, kasi ni kwa dharura pekee. Mashabiki wenye boti wapewe sehemu moja ukingoni, wamefunga, mashine zimezimwa hadi mtumbwi wa mwisho upite. Mkiwaachia wafuate nyuma, mmeharibu.

Nyavu: zitolewe mtoni jana yake jioni. Tangazo lipite dikoni na kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe, wiki mbili kabla, lirudiwe siku mbili kabla. Karatasi ukutani haisomwi na mtu anayetoka kuvua alfajiri.

KasiaRefu

Nyongeza kwenye majaketi. Thames wapigaji hawavai, anavaa mshika usukani tu, kwa kuwa boti za usalama ziko karibu nao muda wote. Msiige. Wote 80 wavae, na anayevua akiwa majini mtumbwi wake unaondolewa.

Namba kubwa pande zote mbili za omo. Anayehesabu mwanzoni na anayehesabu mwishoni wawe watu wawili tofauti, wanasomeana namba redioni moja moja. Sehemu ya mbio haifunguliwi kwa vyombo vingine mpaka orodha zilingane, pamoja na waliotolewa njiani.

Sarahangi

Barua: TASAC (wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini), TEMESA, bandari, polisi wanamaji, ofisi ya mkuu wa wilaya, na hospitali. Ambatanisha ramani yenye maboya, jedwali la saa na jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha mbio. Mtu huyo asiwe mdhamini.

Mwenyeji_Bweni

Nimeelewa wakuu. Kesho naanza na nazi, halafu TEMESA.