Majina ya saizi za karatasi: niongeze maelezo au niache saizi peke yake?

Fundi_Nyawera (Bukavu)
Jambo yenu wote. Nina vibanda vitatu vya fotokopi, viwili Ibanda na kimoja Kadutu. Ninaandika programu ndogo ya kupeleka kazi kwenye printa yoyote isiyo na foleni. Kinachonishinda ni majina. Kijana wa Kadutu ameandika "A4 ya kawaida", wa hapa Nyawera, Ibanda, "a4", mwenzake "A4 80 g nyeupe". Programu inaona karatasi tatu, kumbe ni moja.

Juzi mwanafunzi alileta memwari yake, ile kazi ya kumaliza masomo, kurasa 84. Printa ilikuwa imewekwa Letter, ile saizi ya Marekani, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa milimita 17.6. Namba za kurasa zote zikakatika chini. Nilimchapia upya bila malipo, lakini zilikuwa zimebaki saa mbili tu akabidhi kazi, na nilimwona mikono inamtetemeka. Iliniuma sana.

Nataka kanuni moja kwa vibanda vyote. Nimewaza jina kama A4-nyeupe-80g-trei2-wima. Mnaonaje?

Yaya_Katuba (Lubumbashi)
Ndugu yangu, nakuomba usiende huko. Mimi nilienda. Leo unaweka uzito, kesho rangi, keshokutwa trei, na A4 moja inazaa majina ishirini. Siku karatasi ya gramu 80 ikikosekana sokoni ukanunua ya 70, majina yako yote yanasema uongo. Uzito uwe na safu yake, rangi yake, trei yake. Jina la saizi libebe saizi.

Na huna haja ya kubuni. Printer Working Group, kundi la watengenezaji wa printa, walishaweka kanuni tangu 2002: iso_a4_210x297mm. Kwanza nani aliyeisanifisha (iso ni shirika la kimataifa la viwango), kisha jina la mazoea, kisha vipimo, upande mfupi ukitangulia. Letter ni na_letter_8.5x11in; hiyo "na" ni kifupi cha North America, Amerika Kaskazini. Hata programu isiyowahi kusikia "a4" itasoma vipimo na kujua la kufanya.

Angalia hiyo 8.5: ni nukta. Kompyuta yangu iko kwa Kifaransa, iliandika 8,5 kwa mkato, na nilipoteza siku nzima nikitafuta kosa.

Mama_Kwaya (Goma)
Naunga mkono. Nachapa vitabu vya nyimbo za kwaya, saizi ya B5. Niliandika "B5" tu, printa ikachukua B5 ya Kijapani, 182 kwa 257, wakati karatasi yangu ni ya ISO, 176 kwa 250. Nota za pembeni zikaliwa. Ukiandika jis_b5_182x257mm au iso_b5_176x250mm, hakuna nafasi ya kukisia.

Ila kaka, usiwatese vijana kwa jina refu. Kwenye skrini waone "A4", wabonyeze. Jina refu likae ndani ya programu.

Fundi_Nyawera
Asanti sana, mukubwa, na wewe mama. Nafuta gramu na trei. Na ile karatasi ndefu tunayoiita folio, ya barua za komune?

Yaya_Katuba
Usiamini jina la pakiti, chukua rula. Ikiwa 210 kwa 330 ni om_folio_210x330mm. Hiyo "om" ni ya saizi nyingine za kimetriki. Ikiwa inchi 8.5 kwa 13, yaani karibu 216 kwa 330, ni na_foolscap_8.5x13in. Urefu karibu sawa, upana unatofautiana kama milimita sita, na sokoni zote zinaitwa folio.

Fundi_Nyawera
Nimetoka kupima. Pakiti mbili za Ibanda ni 210, ya Kadutu ni 216. Ndiyo sababu fomu zilizopangwa Kadutu zikichapwa huku, mstari wa kulia unapotea! Mwaka mzima nililaumu roli za printa. Jioni hii naandika majina yote mawili kwenye jedwali, kesho asubuhi napanda Kadutu na rula.