Wabunifu wa tovuti, upana wa ukurasa mnaupangaje? Tupeane uzoefu

mwanzisha mada
Wadau, nina kazi ya mteja na nimekwama pale pale mwanzo: upana. Nianze na yaliyonikuta. Tovuti yangu ya kwanza niliipa pikseli 1024 kamili, kwa kuwa skrini yangu ilikuwa 1024 kwa 768. Nilipoifungua, ukurasa ukawa unateleza kushoto na kulia. Siku mbili natafuta kosa kwenye msimbo. Kumbe upau wa kusogezea ulio pembeni nao unakula nafasi, kwenye Windows ni kama pikseli 17. Nyie mlijifunzia wapi?

mkongwe
Umenirudisha mbali, mkuu. Tulioanza enzi za skrini za 800 kwa 600 tulikuwa tunapanga 760, yamekwisha. Skrini zilipokua tukahamia 960, na hadi leo naipenda: inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10, 12 na 16. Safu tatu, kila moja 320. Safu nne, 240. Huhitaji kikokotoo.

Simu ndizo zilizovuruga hesabu. iPhone ya 2007 iliuchukulia ukurasa kuwa na upana wa 980, kisha ikaubana wote kwenye kioo cha 320. Kazi yangu ilionekana nzima, ila maandishi kama sisimizi. Mteja wangu, mzee wa makamo ya baba yangu, akaniuliza, "Mwanangu, hii umeandika asome nani?" Nililala na swali hilo.

safu_mbili
Mimi nilichanganya pikseli za kioo, yaani nukta zenyewe, na pikseli za CSS, yaani kipimo ambacho kivinjari hupangia ukurasa. iPhone 4 ilipotoka 2010 na kioo cha 640 kwa 960, nikachora ukurasa wa simu kwa 640, herufi za 16. Kivinjari chenyewe bado kilikuwa kinahesabu 320, kwa hiyo kila kitu kilipunguzwa nusu na herufi zikawa 8. Tangu hapo sichori kabla sijajua kivinjari kinahesabu ngapi.

herufi_kubwa
Naomba mnisikilize kwenye hili, maana linaniuma. Nilifanya kazi na mwenzangu mwenye uoni hafifu. Yeye hukuza ukurasa hadi asilimia 400. Dirisha la 1280 likikuzwa hivyo linabaki na 320 tu. Kurasa zangu za upana usiobadilika zilimlazimu asogeze kulia ili amalize mstari, arudi kushoto, aanze mwingine. Kila mstari! Nilikaa naye saa nzima akisoma habari ambayo mimi nilikuwa nimeimaliza kwa dakika tano.

Mwongozo wa WCAG 2.1, wa 2018, wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka maandishi yasomeke kwenye upana wa 320 bila kusogeza pembeni, isipokuwa vitu kama ramani na majedwali. Siku hizi naanzia hapo. Natanua dirisha taratibu, na pale mpangilio unapoanza kuharibika ndipo naweka badiliko, bila kujali ni simu ya nani. Maandishi nayapa kikomo cha herufi kama 65 kwa mstari, hata skrini iwe kubwa kama ukuta.

mkongwe
Hapo kwenye herufi 65 naungana nawe. Mstari mrefu unampoteza msomaji akirudi mwanzo.

mwanzisha mada
Asanteni sana. Nimefungua kazi ya mteja sasa hivi nikaikuza 400. Menyu imeangukia juu ya kichwa cha habari, na kitufe cha kutuma fomu kimetoka nje kabisa. Naanza na kitufe.