Mnaofundisha "gia za haraka" Malindi, mnawaharibia watu giaboksi!

Jamani, hii biashara imezidi. Kijana akinunua tu Subaru ya gia tano hapa Malindi, yuko mtu wa kumdaka na kumwahidi atampigisha gia kama dereva wa Safari Rally. Pesa zinatoka, na somo lenyewe ni hili: vuta kwa nguvu, usiionee gia huruma. Gia ya tatu ikianza kulia, mwalimu huyohuyo anasema gari lilikuwa bovu tangu mwanzo.

Uongo! Ndani ya giaboksi kila gia ya mbele ina pete yake ya sinkro, mara nyingi ya shaba. Pete hiyo hulinganisha kasi ya gia na ya shafti kwa msuguano kabla meno hayajashikana. Inataka muda, japo ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Ukiilazimisha kabla haijamaliza kazi unaikwangua, na ikiisha meno yanagongana. Mkono wenye nguvu hauongezi kasi yoyote hapo.

Kasi inatoka kwenye RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Chukua giaboksi ambayo gia ya pili ina uwiano wa 1.95 na ya tatu 1.37. Ukitoka pili kwenda tatu kwenye 6,000, injini lazima ishuke hadi kama 4,200. Ukirudi tatu kwenda pili kwenye 3,500, lazima ipande hadi kama 5,000. Basi wakati wa kushusha gia: anza na breki, kanyaga klachi yote, gonga mafuta kidogo RPM ipande, ingiza gia, achia klachi. Mguu wa kulia unabaki kwenye breki, na ubavu wake au kisigino ndio unaogonga mafuta. Wengi hukosea hapa: wakigonga mafuta, breki inalegea. Wafanye mazoezi injini ikiwa imezimwa mpaka mguu uzoee, na kandambili wavue kwanza!

Halafu hiyo ngumi mnayowafundisha kushikia gia. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo gia ya kwanza na ya pili ziko upande wa mbali na dereva. Anayetoka tatu kwenda nne huku anasukuma kushoto anaweza kuangukia pili. Kama alikuwa kwenye 6,500, magurudumu yanaizungusha injini hadi zaidi ya 9,000. Kidhibiti cha RPM hakiokoi kitu, maana kinakata mafuta tu. Valvu zinaweza kukutana na pistoni, na hapo injini imekwisha. Kiganja kiwe wazi, springi yenyewe ndiyo inayorudisha mti wa gia katikati. Na mkono usilale juu ya gia safari nzima, uma wa ndani unaosukuma gia unalika.

Oili hamuiulizi kabisa. Giaboksi iliyoandikiwa oili ya daraja la GL-4 ukiitia ya GL-5, pete inaweza kuteleza badala ya kushika. Ile inayotaka GL-5, kama nyingi za Subaru, itieni hiyo. Fuateni kitabu cha gari. Maji ya klachi nayo ni maji ya breki, yanafyonza unyevu, na hewa yetu ya pwani mnaijua. Yakichakaa au kukiwa na hewa kwenye paipu, klachi haiachii sawasawa, gia zinasaga hata dereva awe bingwa. Hilo likaguliwe kabla ya somo la kwanza.

La kunikera zaidi ni kwamba somo lenyewe mnalifanyia barabara ya Gede kwenda Watamu, katikati ya bodaboda na watoto wa shule, mahali pa kwenda 50!

Vijana, kabla hujalipa mtu, mwambie ashushe gia kutoka tatu hadi pili gari likiwa kwenye 40 km/h, bila kugusa breki. Ukisukumwa mbele kwenye kiti, hajalinganisha RPM, pesa yako irudishe mfukoni.