Mrejesho: nakala kamili ya mfumo bila mtu kukesha

Wakuu, niliuliza namna ya kuchukua nakala kamili ya AS/400 yetu (kompyuta ya IBM ya kazi za ofisi) hapa Kampala, kwenye kanda ya sumaku, usiku, bila mtu kukesha. Imekubali, ahsanteni sana!

Lazima sabsistimu zote (sehemu za mfumo zinamoendeshwa kazi) zizimwe, hivyo programu inaendeshwa kwenye konsoli yenyewe (skrini kuu ya mashine), kwa amri hizi: ENDSBS (kuzima sabsistimu), SAVSYS (kuhifadhi mfumo wenyewe), SAVLIB *NONSYS (maktaba zisizo za mfumo), SAVDLO (nyaraka na folda), SAV (mafaili mengine), kisha STRSBS (kuwasha tena). Kilichokuwa kinakwamisha ni ujumbe unaosubiri jibu: kanda ina mafaili bado hai (muda wake wa kutunzwa haujaisha), yafutwe? CLEAR(*ALL) kwenye SAVSYS imemaliza hilo. Hakikisheni tu kanda iliyomo ndiyo ya kufutwa! Pia itoshe data yote, la sivyo mashine itadai nyingine alfajiri na hakuna wa kuiweka. UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) ni lazima. Bado kujaribu kurejesha, na hilo siliachi.